Sura ya Tano: Pipa la Ndabibi

Waliomwona Sajini Hezekiah Kosgei akishuka kwenye landrova ya polisi pale shamba la Bwana Harrow walidhani amekuja kununua ng'ombe. Alikuwa na tumbo la mtu anayependa maziwa ya mala, miguu mifupi, na mazoea ya kukizunguka kitu akikitazama chini kabla ya kukitazama juu. Kumbe alikuwa mpelelezi kutoka Nakuru. Kilichomleta Ndabibi kilikuwa kifo cha Eucabeth, mke wa mpishi. Asubuhi ya jana yake mama huyo alikuwa akifua nepi za mtoto wa mzungu nyuma ya nyumba, na pipa la kuchemshia maji ya kuoga likapasuka kando yake.

Mtu wa kulaumiwa alishapatikana. Mwaka ule wa 1954, wakati wa hali ya hatari, watu wa kulaumiwa walipatikana upesi kuliko sukari. Aliitwa Gachanja, Mkikuyu, kazi yake kutia kuni chini ya pipa lile, na sasa alikuwa ameketi chini akiwa amefungwa kamba kwenye nguzo ya zizi la ndama. Ndama mmoja alikuwa akimlamba sikio.

"Bomu," alisema Inspekta Lister, mzungu kijana mwenye pua iliyobabuka jua. "Mau Mau wameweka bomu ndani ya moto. Lori linakuja jioni kumchukua. Wewe andika maneno ya mashahidi tu, Sajini, usinichimbie shimo."

"Ndiyo, Bwana Inspekta," alisema Kosgei. Alijua mtu aliyepakiwa kwenye lori hilo na neno bomu kwenye karatasi yake alikuwa anapelekwa kwenye kitanzi. Akavua kofia, akaenda kuchimba shimo.

Pipa lenyewe lilikuwa kama mapipa ya maji moto ya mashamba yote ya wazungu: pipa la petroli lililolazwa juu ya matofali, moto chini yake. Bomba moja lilileta maji baridi kutoka kwenye tangi, la pili lilipeleka maji moto bafuni, na la tatu, jembamba, lilisimama juu kama shingo ya bata ili mvuke upate pa kupumulia. Sasa matofali yalikuwa yamesambaa uani, na pipa limerushwa hadi kwenye ua wa michongoma, tumbo wazi. Beseni la Eucabeth lilikuwa limepondwa likawa kama sahani. Mtu alikuwa amemwaga mchanga mahali pale alipoangukia, akausawazisha vizuri kwa reki.

Konstebo Dualeh, aliyekuwa akichekecha majivu kwa kijiti, akapiga kelele. "Sajini! Nimepata!"

Ilikuwa shaba, kitako cha risasi ya bunduki. Inspekta Lister alikipokea kwa vidole viwili, uso ukiwaka. "Hiyo hapo. Sasa?"

"Ni ya bunduki ya ndege, Bwana Inspekta. Nani hupiga njiwa hapa?"

Bwana Harrow, aliyekuwa amesimama kwenye veranda na kikombe cha chai, akakohoa. "Mimi napiga. Kila Jumamosi."

"Na takataka za veranda zinatupwa wapi zikifagiliwa?"

Harrow akautazama ule moto uliokufa. Lister alikirudisha kile kitako kwa Dualeh kama mtu anayerudisha jino lake bovu.

Kosgei alipiga magoti kando ya pipa. Kwa nje lilimeremeta, limepakwa rangi ya fedha kama gari la maharusi. Akapitisha kidole kwenye mpasuko wa chini. Bati zima likichanika, ukingo wake hung'aa. Ukingo huu ulikuwa wa kahawia, mwembamba kama ganda la yai, na ulimong'onyoka mkononi mwake. Ndani kulikuwa na ukoko mweupe wa magadi, unene wa kidole gumba, kwa maana maji ya kisima cha huko yana chumvi ya kuozesha meno. Akavunja kijiti cha mchongoma, akakisukuma ndani ya bomba la maji baridi. Kijiti kiliingia kidogo tu kikakwama. Bomba lilikuwa limezibwa na ukoko, limebakiza tundu la kupitisha sindano.

"Bwana," akamwita Harrow, "pipa hili lilikuwa la zamani?"

"Hapana! Pipa iko mupya. Mimi nilipaka rangi Krismasi."

"Lilinunuliwa lini?"

"Baba yangu nanunua. Mbele ya vita."

"Vita vipi, Bwana? Vya juzi, au vile vya Mjerumani wa kwanza?"

Harrow alimtazama kuona kama anachekwa. Uso wa Kosgei ulikuwa mtulivu kama uji uliopoa.

Akaenda zizini, akamfukuza yule ndama, akachuchumaa.

"Wewe ndiye Gachanja?"

"Ndiye mimi, afande." Midomo ya Gachanja ilikuwa imevimba. Homugadi, wale walinzi wa vijijini wa serikali, walishamhoji kwa njia yao.

"Pipa lilikuwaje?"

"Lilikuwa mgonjwa. Linanguruma kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi. Maji yanatoka mekundu. Chini linatoa jasho, mimi nakanda sabuni na kitambaa, naziba. Nilimwambia Bwana, hili limechoka, tutafute lingine. Akasema siku litakapovuja kweli ndipo atanunua. Akaniletea mkebe wa rangi."

"Jana uliondoka motoni kwa nini?"

"Memsabu alinituma kuni za leleshwa. Kulikuwa na wageni wa kuoga. Nilikuwa nimeujaza moto, nikaenda. Nikasikia kishindo nikiwa kule bondeni."

"Na wewe na mke wa mpishi?"

"Yule mama alikuwa ananipa chai kwenye kikombe, si kwenye mkebe. Mumewe ndiye hatupatani. Anasema naiba makaa ya jikoni."

"Unaiba?"

"Kidogo," alisema Gachanja. "Baridi ya huku unaijua."

Jikoni, Jonah mpishi alikuwa akimenya viazi, amevaa kanzu yake nyeupe na mkanda mwekundu kiunoni. Mke wake alikuwa amelala ndani ya stoo ya mahindi, amefunikwa blanketi, lakini wale wageni walikuwa hawajaondoka na memsabu alikuwa ameuliza chakula cha mchana kitakuwa nini.

"Pole sana, ndugu yangu," alisema Kosgei.

"Nimeshapoa, Sajini. Nyama ndiyo bado." Hakuinua macho. Maganda ya viazi yalikuwa yanaanguka marefu, moja moja, bila kukatika. "Mnamnyonga lini?"

"Nani?"

"Huyo mnyama wa kule zizini. Moto ni wake, kuni ni zake. Tumekaa naye hapa tangu mtoto wangu wa kwanza, na alikuwa anakunywa chai ya Eucabeth. Nataka nije Nakuru nione."

"Hawaruhusu watu kuona."

"Basi nitakaa nje ya ukuta nisikie."

Kosgei alimwacha na viazi vyake. Nyuma ya nyumba Dualeh alikuwa amesimama chini ya kamba ya nguo, ananong'ona kama mtu aliyeona jini. "Sajini, tazama. Damu."

Nepi zilizojaa kwenye kamba zilikuwa na madoa mekundu. Yaya wa mtoto, msichana aliyeitwa Chepkorir, alikuwa anazianua na kuzikunja, macho yamevimba kwa kulia. Kosgei alikuna doa moja kwa ukucha.

"Wewe Dualeh, nyumbani kwenu damu inakuwa na chenga? Hii ni kutu. Binti, imetoka wapi?"

"Kwa lile pipa, mzee. Bomba la juu lilikuwa linapiga mluzi kisha linatema maji mekundu, na upepo unayaleta juu ya kamba yetu. Memsabu alimpigia Eucabeth kelele. Akasema nepi zikichafuka tena anamrudisha kwao Maragoli na masufuria yake."

Kosgei alikuwa amefika mwisho wa kamba. "Na hizi? Mbona hizi ni nyeupe?"

"Hizo ni mpya, za wiki hii; doa la kutu likishaingia halitoki. Tangu Jumapili halikutema tena."

"Wala mluzi?"

"Wala mluzi."

"Lilitengenezwa?"

Chepkorir akatabasamu kidogo, kisha akakumbuka akaacha. "Eucabeth alisema bwanake amemtengenezea. Alifurahi, mzee! Alinicheka. Akaniambia, wewe utaolewa na mwenye ng'ombe wengi, lakini mimi niliolewa na mtu anayenisikia."

Kosgei aliiachia ile nepi nyeupe. Kisha akamwita Dualeh, wakaingia kwenye michongoma kutafuta lile bomba jembamba. Walitoka na mikwaruzo mingi na bomba moja. Lilikuwa limepinda lakini zima. Mdomoni mwake, limesukumwa hadi ndani, kulikuwa na gunzi la mahindi, limeiva kwa mvuke, rangi ya chai.

Gunzi si kitu cha kushangaza. Jiko lolote la Ndabibi lina chupa ya mafuta ya taa iliyozibwa kwa gunzi, na ya asali vilevile, na hata ya chang'aa, kama wenyewe watakubali kukuonyesha. Tundu likiudhi, mkono unatafuta gunzi kabla kichwa hakijafikiri.

Lister alikuja akalitazama, akapiga kofi moja la furaha. "Kwa hiyo hakukuwa na bomu! Ni werevu kuliko bomu. Gachanja ameziba mvuke makusudi, akakoleza moto, akakimbilia bondeni. Kazi nzuri, Sajini."

Kosgei aliona jinsi alivyochimba shimo, na ni nani aliyekuwa amesimama ukingoni. Akaomba dakika chache za kumaliza chai yake, ingawa hakuna aliyekuwa amempa chai.

Jikoni nyama ilikuwa kwenye oveni. Kosgei akaliweka gunzi mezani, kati ya viazi na chumvi.

Jonah alilitazama. "Hilo la wapi?"

"Kwenye bomba la juu."

Kisu kilikuwa bado mkononi. Jonah akakiweka chini taratibu, akakilaza sawasawa na ukingo wa meza.

"Lilikuwa linamtemea," alisema. "Kila siku analia. Jumapili Gachanja alikuwa kanisani. Nikapanda juu ya debe, nikaliziba. Kama chupa, Sajini. Kama chupa tu."

"Ulimwambia mtu?"

"Nilimwambia yeye. Alicheka." Akaketi kwenye gunia la viazi. Kanzu nyeupe ikagusa masizi na hakuiinua. "Jana nilipomuokota nilikuwa namuuliza, nani amekufanyia hivi? Nani? Na mimi nikamtafutia mtu wa kunyongwa."

Nyama ilianza kuungua. Kosgei akafungua oveni mwenyewe, akaivuta sufuria kwa kitambaa. Alikuwa amekuja na maneno ya kumbana mtu huyu: kwamba asiponena, mwingine atakufa mahali pake. Hayakuhitajika. Jonah alikuwa ameshainuka, akafungua ule mkanda mwekundu, akaukunja, akauweka juu ya meza, akatoka.

Alivuka uwanja hadi mbele ya veranda, akasimama chini ya ngazi. "Bwana, mfungueni Gachanja," alisema. "Ni mimi niliziba bomba. Nifungeni mimi."

Lister hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kujaza nafasi, na nafasi kwenye lori ilikuwa moja. "Vizuri," alisema. "Basi tutamchukua mpishi."

Hapo ndipo Bwana Harrow alipotua kikombe. "Hapana! Hii mpishi yangu! Wageni iko hapa mpaka Jumatatu. Nani napika?"

Kosgei alikuwa ameomba mlango, akapewa dirisha. Akapenya. "Bwana anasema kweli," alisema haraka. "Labda gunzi halina kosa. Kule kwenye nyumba ya maziwa si kuna pipa jingine?"

Lilikuwepo, lenye mabomba ya ukubwa uleule. Lilikuwa jipya kweli. Mkaguzi wa maziwa alikuwa ametishia kukataa krimu ya shamba kwa sababu ya maji mekundu, na pipa likabadilishwa kabla mwezi haujaisha. Maji ya kuoshea vyombo vya maziwa yalihitaji pipa zima. La kuogea watu lilipakwa rangi.

Kosgei akachukua gunzi jikoni. Akapanda kwenye debe, tumbo likimsumbua, akalisukuma ndani ya bomba la juu kwa kiganja hadi likakaza. Wakafunga koki ya maji baridi, wakafunga na ya maji moto. Dualeh akajaza leleshwa, kuni zinazowaka kama zina hasira. Wote wakajificha nyuma ya ukuta wa mawe: inspekta, mwenye shamba, sajini, na mpishi katikati yao, ambaye hakujificha vizuri mpaka Kosgei akamvuta kwa kanzu.

Pipa likaimba. Likanyamaza. Likaanza kutetemeka kidogo. Lister akalegeza ukosi wa shati.

Gunzi likaruka kwa mlio kama wa bunduki ya njiwa, likagonga mabati ya paa, ndama wakavunja zizi wakatawanyika, na mvuke ukapanda juu mrefu, mweupe, safi. Pipa lilikuwa limekaa pale pale juu ya matofali yake.

"Gunzi limetoka," alisema Kosgei. "Pipa limebaki. Lile la nyumbani lingekuwa zima, Bwana Inspekta, jana mtu angeshtuka, akacheka, akaendelea kufua. Kilichopasuka ni kutu. Liliomba kubadilishwa kwa kila njia ambayo pipa linaweza kuomba: lilinguruma, likatoa jasho, likatema nyekundu. Mtia kuni alisema. Hata nepi zilisema."

Lister alimtazama Harrow. Harrow alikuwa anatazama ndama wake. Hakuna mzungu aliyewahi kupakiwa kwenye lori lile, na jioni hiyo haikuwa ya kuanzia. Lister akatoa kalamu, akaandika *ajali, uchakavu wa pipa*, akapiga sahihi kwa nguvu kama anayeua nzi.

Dualeh akamfungua Gachanja. Mikono ilikuwa imekufa ganzi, akaipiga piga mapajani kama kuku anayejaribu kuruka. Alipompita Jonah alisimama. Alikuwa amesikia yote. Zizi lilikuwa karibu.

"Pole kwa mama," alisema. "Nitachimba mimi. Wewe udongo wa huku hujui ulivyo."

Gachanja akaenda kutafuta jembe.

Jua lilikuwa limeelekea milima ya Mau. Kosgei alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye landrova Jonah alipomfuata, amefunga tena mkanda wake mwekundu, maana chakula cha wageni kilikuwa kimecheleweshwa na kifo kwa muda ambao memsabu aliona unatosha.

"Sajini. Lile gunzi la majaribio ulilichagua wapi?"

"Kwenye kikapu chako. Kando ya jiko."

"Hayo ni makavu. Nayaweka pale yakauke ya kuwashia moto." Jonah alikuwa anaongea polepole, kama anayeonja kitu kabla ya kukiweka mezani. "Langu lilikaa kwenye mvuke tangu Jumapili. Gunzi likilowa kwenye moto linavimba. Mimi ni mpishi. Vitu vinavyovimba navijua."

Kosgei alikuwa amelijua hilo tangu pale kikapuni. Vidole vyake viliyapita magunzi mabichi ya juu, vikashuka hadi chini, vikachagua kavu kuliko yote. Alikuwa amewakamata watu wengi kwa sababu walichagua ushahidi wao hivyo hivyo.

"Lile pipa lilikuwa ganda la yai, Jonah. Nimelivunja kwa mkono wangu. Lilikuwa lipasuke tu, wiki hii au ijayo."

"Hata bila gunzi?"

Dereva akawasha landrova. Kule nyuma ya stoo ya mahindi jembe lilikuwa limeanza kugonga, na kila pigo liligonga jiwe.

"Hata bila gunzi," alisema Kosgei.

Jonah alimtazama usoni muda mrefu, akitafuta kitu, na Kosgei akaushikilia uso wake usitoe chochote. Mwishowe mpishi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa chakula asichokiamini lakini ana njaa.

"Asante, Sajini," alisema.

Kengele ya memsabu ikalia kutoka chumba cha kulia. Ikalia tena. Jonah akajipangusa masizi kwenye kanzu, akaenda kupakua.